Bahati na Wadai Wake: Mwongozo Kamili wa Kujenga Wahusika wa Hadithi na Filamu Fupi

Hadithi nyingi za vijana wanaoandika huku Mtwara na Lindi zinaanza vizuri. Binti wa Mikindani anauza samaki wa kukaanga, baba yake kalala hoi, ada ya mdogo wake haijalipwa na mwenye nyumba anagonga mlango kila asubuhi. Tunamjali. Tunataka kujua atajinasuaje. Kisha, zikiwa zimebaki kurasa mbili, tajiri kutoka Dar es Salaam anaharibikiwa na gari mbele ya genge lake, anaonja samaki, anampenda muuzaji kuliko samaki, ndoa inafungwa. Binti tuliyemfuata katika shida zote zile hakufanya kitu. Kafanyiwa.

Ukimuuliza mwandishi atakwambia mambo hayo yapo. Yapo kweli, na mimi sina ugomvi na bahati katika hadithi. Ugomvi wangu ni kwamba bahati ya aina hii haina mdai. Nani huku Kusini aliwahi kupata kitu asijue wa kwanza kupiga hodi atakuwa nani? Simu inaanza kuita fedha hazijaingia benki. Aliyekusaidia mwaka juzi anakumbuka alichosaidia. Mjomba anakumbuka shamba lilitoka wapi. Aliyekuwa akikupita bila salamu anakuamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga, na hapo ndipo wengi wetu tunapoandika neno "mwisho".

Mwongozo huu una uzi mmoja: bahati huzaa deni, deni hufichua uhusiano, na ndani ya uhusiano ndimo nguvu huhama kutoka mkono huu kwenda ule. Hatua zinafaa hadithi fupi, tamthilia ya kikundi, au filamu ya dakika 10 inayopigwa kwa simu. Zifuate kwa mpangilio mara ya kwanza. Ukizizoea utaruka upendavyo.

Mfano tutakaoufanyia kazi

Usisome mikono mitupu. Weka hadithi yako pembeni, hata kama ni nusu ukurasa. Mimi nitatumia hii ya kubuni.

Somoe ana miaka 26. Anaishi kijiji kimoja wilayani Tandahimba na mtoto wake mdogo, na analima mikorosho iliyokuwa ya marehemu mama yake, kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Mwezi wa sita mtoto aliugua. Somoe akachukua shilingi 200,000 kwa Dadi, mnunuzi wa kangomba (biashara ya kununua korosho kwa wakulima nje ya chama cha ushirika), kwa ahadi ya kumpa magunia 3 msimu ukifika. Salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, nayo ikamwishia, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukaanza kushika maua. Jirani yake Bi Zuhura akamgawia ya kwake. Mikorosho ya Somoe ikapona lakini ikachelewa kuzaa. Korosho za wenzake zilipokuwa zimeanguka zinasubiri kuokotwa, mvua isiyo ya wakati wake ikanyesha mfululizo, zikalowa, zikapoteza rangi. Za Somoe zilikuwa bado mtini. Siku ya kupeleka chama cha msingi cha wakulima, karibu kijiji kizima kimeambiwa mzigo wake hafifu, na yeye peke yake ana daraja la kwanza.

Wengine katika hadithi: Mjomba Mfaume, kaka wa marehemu mama, na Issa, karani wa mizani pale AMCOS, yaani chama hicho cha msingi. Watu watano wanatosha. Hadithi fupi yenye watu kumi na wawili ni mkutano wa kijiji.

Hatua ya 1: Andika bahati kwa sentensi moja, kisha tazama imekaa wapi

Sentensi yako iwe na mambo matatu: kilichotokea, nani amekipata bila kukitafuta, na nani kimempita. La tatu ndilo linaloachwa. "Somoe alipata mavuno mazuri" haisaidii. "Mvua iliharibu korosho za kijiji kizima isipokuwa za Somoe" tayari ina macho ya watu ndani yake. Bahati isiyomnyima mtu yeyote haina uzito. Ukiokota noti njiani, kuna aliyeidondosha, na huenda ni mtu unayemjua.

Kisha angalia mahali pake. Msomaji huikubali haraka bahati inayomtia mhusika matatani, na huikataa inayomtoa. Mvua ikinyesha mwanzoni na kumfanya Somoe atazamwe vibaya, hakuna atakayelalamika. Mvua hiyohiyo ikija mwishoni na kuzoa daftari la madeni la Dadi, ukumbi utaguna. Bahati moja kubwa, robo ya kwanza ya hadithi, inatosha. Baada ya hapo kila kinachotokea kitokane na uamuzi wa mtu.

Jambo hili ni la zamani. Katika maigizo ya Wagiriki wa kale kulikuwa na winchi ya kumteremsha mungu jukwaani aje amalize ugomvi, na Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishalalamikia utatuzi wa namna hiyo. Ila yeye hakuifukuza bahati yote. Alitaja tukio la mji wa Argos: sanamu ya mtu aitwaye Mitys ilimwangukia na kumuua yuleyule aliyemuua Mitys, alipokuwa akiitazama. Ni ajali tupu, lakini haionekani kuwa ajali tupu, kwa kuwa kuna deni kati ya aliyeanguka na aliyeangukiwa. Ukilazimika kuweka bahati karibu na mwisho, basi iwe ya namna hiyo: imdondokee mtu ambaye tayari ana hesabu nayo.

Hatua ya 2: Kila mhusika aieleze bahati kwa namna yake

Chukua karatasi, andika jina la kila mhusika, na chini yake jibu la swali moja: kwa nini Somoe na si mimi?

Bi Zuhura anasema ni riziki, Mungu kamlipa yatima. Lakini pia anakumbuka salfa ilikuwa ya nani. Mjomba Mfaume anasema marehemu wamemwangalia mtoto wao kwa kuwa yeye, Mfaume, hakuacha kuwaombea. Dadi anajipa yeye sifa: bila laki mbili zile mtoto angekufa na mama asingekuwa na akili ya kupuliza dawa. Wanawake wanaochota maji wananong'ona kuhusu mganga wa ng'ambo ya Ruvuma. Issa karani anasema mzani hauna dini. Somoe mwenyewe hajui, na kutojua kwake kunamtia hofu kuliko wivu wa wenzake.

Umeona kinachotokea? Kila maelezo ni dai lililovishwa nguo. Anayesema marehemu wamesaidia anataka fungu la msemaji wa marehemu. Anayenong'ona kuhusu mganga anaandaa sababu ya kumtenga. Hujaandika mazungumzo hata mstari mmoja, na tayari unajua kila mtu atasimama wapi.

Kuhusu mganga, neno la pembeni. Filamu zetu zimemtumia kama winchi ya Wagiriki: pakikwama, anaitwa. Mwache awe fununu. Tuhuma ya uchawi ndani ya kijiji ina nguvu kuliko uchawi wenyewe kwenye skrini, na haihitaji moshi wala nguo nyekundu. Tena, haina gharama.

Hatua ya 3: Orodhesha wadai, na uandike wanadai kwa hati gani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Kila mhusika ana hati yake ya kudai. Wengine wana karatasi, wengine wana damu, wengine wana fadhila, wengine wana siri. Na hati hizo hazina uzito sawa mbele ya watu tofauti. Mahakama ya mwanzo inatazama karatasi. Baraza la ukoo linatazama damu. Kina mama wa kitongoji wanatazama fadhila. Mhusika mwenye akili atavuta shauri lake kwenye kikao ambacho hati yake inakubalika, na ugomvi wa nusu ya filamu unaweza kuwa juu ya hilo tu: tukutane wapi.

Anza na damu. Kwa desturi ya Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ana sauti katika ndoa yake na katika ardhi ya ukoo, mara nyingine kuliko baba mzazi. Dini, sheria za nchi na maisha ya mjini vimeipunguza sauti hiyo, vijana wengi leo hawaijui yote, lakini haijazimika. Kwa mwandishi hii ni mali. Waandishi wa huku wanaoiga tamthilia za televisheni humweka baba mkali anayezuia ndoa, wakati nyumbani kwao mwenye kuzuia angekuwa mjomba, na angezuia kwa upole. Mjomba hafoki. Anapita kusalimia.

Mjomba Mfaume, basi, ana dai la kweli. Ardhi ni ya ukoo wake na Somoe. Hakumpa kwa maandishi. Alisema "endelea na shamba la mama yako" siku ya arobaini, mbele za watu. Je, alimpa au alimwazima? Usiamue haraka. Mwache kila mmoja aamini anachoamini, na wote wawili wawe na mashahidi.

Fadhila ni ngumu kuliko damu kwa sababu haina kipimo. Mfuko wa salfa una bei dukani. Kuutoa wakati jirani anahitaji na wewe mwenyewe unauhitaji hauna bei. Bi Zuhura hadai kitu. Hapo ndipo Somoe anaposhindwa kulala: asiyedai hujui umlipe nini wala utakuwa umemaliza lini. Na kumbuka, korosho za Bi Zuhura zimelowa. Huenda zimelowa kwa kuwa salfa iliyotosha shamba lake iligawanywa? Hapana, mvua haihusiani na salfa. Lakini mtu mwenye hasara ataunganisha, na wewe mwandishi mruhusu.

Dadi ana ahadi ya mdomo. Kangomba imepigwa marufuku, kwa hiyo hawezi kumpeleka Somoe kwa mtu yeyote mwenye muhuri. Hati yake ni aibu tu: atasema hadharani kwamba huyu alikula fedha zangu mwanawe anaumwa. Aibu inafanya kazi kijijini. Mjini Mtwara, pale Ligula au Chuno ambapo mpangaji hamjui mpangaji mwenzake, isingefanya. Kwa hiyo ukihamisha hadithi yako kutoka kijijini kwenda mjini usibadilishe nyumba na nguo peke yake. Badilisha na hati za wadai.

Issa ana siri. Aliona jambo kwenye mizani. Tutarudi kwake.

Hatua ya 4: Pima nguvu jozi kwa jozi

Waandishi chipukizi huandika "mtu mwenye nguvu" kana kwamba nguvu ni shati. Tajiri ana nguvu kila anakokwenda, maskini hana popote. Haiko hivyo. Mwenyekiti wa kijiji anayetetemesha watu mkutanoni akifika kwenye jando la mwanawe anamsikiliza nyakanga, mkuu wa jando, na mke wake akiwa kungwi kuna mlango ambao yeye hauingii kabisa.

Chukua wahusika wawili wawili. Kwa kila jozi jibu maswali manne. Nani anamhitaji mwenzake zaidi wiki hii? Nani anajua kitu ambacho mwenzake hakijui? Nani anapanga saa, yaani nani humsubirisha nani? Na nani anaweza kuondoka?

La mwisho ndilo ninalolitegemea. Anayeweza kusimama, kukung'uta kanga na kwenda zake bila kupoteza kitu ndiye mwenye nguvu katika chumba kile, hata akiwa peku. Mwezi wa sita Dadi angeweza kuondoka. Wanaohitaji fedha kabla ya msimu ni wengi. Somoe hakuweza, mtoto alikuwa na homa. Mwezi wa kumi mambo yamepinduka. Dadi hafanyi biashara kwa fedha zake. Kuna mtu mjini aliyempa mtaji na anataka mzigo mzuri, na mzigo mzuri kijiji kizima uko kwa Somoe. Sasa Dadi ndiye asiyeweza kuondoka. Tatizo ni kwamba Somoe hajui hilo, bado anamwogopa kwa hofu ya mwezi wa sita.

Pengo hilo, kati ya nguvu aliyonayo mtu na nguvu anayodhani anayo, lina thamani kubwa. Andika ndani yake pazia zako bora, yaani vile vipande vya tukio moja mahali pamoja. Siku Somoe anapogundua isiwe kwa kuambiwa. Dadi aje mara ya pili kwa siku moja. Aje kwa miguu, pikipiki kaiacha mbali. Msomaji ataelewa pamoja naye.

Usipime mara moja ukaacha. Pima upya kila baada ya tukio kubwa, na kama mizani ya jozi fulani haijasogea toka mwanzo hadi mwisho, mmoja wa hao wawili hana kazi katika hadithi yako.

Hatua ya 5: Chunguza nguvu ya kuazimwa

Kuna nguvu ambayo mtu hana, ila watu wameamua kumpa. Hii ndiyo tamu kuliko zote kuiandika, na mfano wake mkubwa uko katika ardhi yetu wenyewe. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, akimchukua mtu wa kweli wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wengi dhidi ya Wajerumani katika Vita vya Majimaji, vilivyoanza kwenye vilima vya Umatumbi mwaka 1905.

Itazame kama fundi anavyotazama kiti kilichotengenezwa na fundi mwingine. Kabla ya maji kuna njaa na kazi ya lazima kwenye pamba: wanyonge wasioweza kuondoka. Mtu mmoja anaingia mtoni na kutoka na kitu. Kuanzia hapo ana nguvu kuliko yeyote, lakini nguvu hiyo imetoka vinywani mwa watu, si mikononi mwake. Anapotaka wasubiri, wajiandae kwanza, hawamsikii. Maji yamekwisha kuwa yao. Aliyewapa imani hawezi tena kuwaondolea. Na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anapotakiwa akane maji, anakataa, kwa sababu kukana kungefuta kila walichokifia wenzake.

Tumia fundisho hilo hata kwenye hadithi ndogo. Nani katika hadithi yako ameazimwa nguvu, na waliomwazima watataka nini? Somoe akipata daraja la kwanza, wanawake watatu wanaanza kumwomba awasemee kwenye mkutano wa chama. Hajawahi kusema mkutanoni. Wanampa kiti, wanampa maneno. Wiki mbili baadaye anataka kukaa kimya ili alipwe salama, na wanawake walewale wanamwita msaliti.

Hatua ya 6: Leta tukio la nje ligeuze mizani, kisha liache lipite

Soko, hali ya hewa na serikali ni bahati zenye kanzu. Huku Kusini tunazo za kutosha. Mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi lipewe kazi ya kuzisomba. Malipo yakaja na uhakiki: mwenye mzigo aonyeshe shamba. Mwandishi afikirie jioni ya tangazo hilo. Mtu wa kangomba ana magunia ghalani na hana hata mkorosho mmoja. Yule mkulima aliyemuuzia kwa bei ya kutupa ana shamba na hana korosho. Jana mmoja alimwomba mwenzake fedha. Leo mwenye fedha anaomba kuazimwa jina. Huhitaji kumwonyesha Rais, huhitaji magari ya jeshi ambayo hata hivyo huna. Redio juu ya kaunta ya duka, watu wawili, na ukimya.

Kosa la kawaida ni kulifanya tukio la nje ndilo hadithi. Lipite kwa dakika moja. Kazi yake ni kusogeza mizani ya watu wawili tunaowajua.

Pia, bahati na nguvu haziji siku moja, na kuziachanisha kunakupa nafasi ya kuandika. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba kubwa la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015. Katikati hapo watu wamezaliwa, wameoana, wamegawana viwanja, wamekufa wakisubiri. Kwenye hadithi yako, kati ya siku Somoe anapopima mzigo na siku fedha zinapoingia, weka wiki kadhaa. Kila mtu anajua anazo, na hana hata ya sukari. Wadai wote watakuja katika wiki hizo.

Hatua ya 7: Onyesha uhusiano kwa viti, milango na kazi za mikono

Hapa ndipo filamu fupi nyingi hufia, kwa sababu wahusika husema kile ambacho tungekiona. Hili ni baya:

MJOMBA: Mimi ni mjomba wako, nina mamlaka juu ya shamba. Naomba fungu langu.
SOMOE: Mjomba, nakuheshimu lakini siwezi, kwa kuwa nina deni la Dadi.

Hili lina uhai:

(Mjomba Mfaume kwenye kiti pekee kilichopo. Somoe kwenye mkeka, anachambua mboga.)
SOMOE: Shikamoo mjomba.
MJOMBA: Marahaba. Mjukuu hajambo?
SOMOE: Hajambo, kalala.
MJOMBA: Nimepitia shambani. Ile mikorosho ya mpakani nani kaipogolea?
SOMOE: Mimi, mjomba.
MJOMBA: Bibi yako aliipanda ile. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea maji.
(Kimya.)
SOMOE: Nikutilie chai?
MJOMBA: Sukari kidogo tu. Mwaka huu sukari ni ya watu wa daraja la kwanza.

Hakuna aliyetaja fedha. Mjomba kaomba, kalaumu na kaonya, na akiulizwa alisema nini atajibu kwamba aliomba chai. Watu wa huku huzunguka jambo zito, hasa mdogo mbele ya mkubwa. Mhusika wako akilitaja moja kwa moja, iwe ni tukio kubwa, mara moja katika hadithi nzima.

Kwa kamera, simu ikiwa chini na kumtazama mtu kwa juu inamkuza, ikiwa juu inampunguza. Ni kweli, ila ukiitumia kila pazia inachosha. Napendelea vitu ambavyo watazamaji wetu wanavisoma bila kufundishwa: nani kakaa kwenye kiti na nani kwenye mkeka, nani anaamkia na nani anaitikia, nani anasimama mlangoni bila kukaribishwa ndani, nani anaendelea na kazi wakati mwenzake anaongea. Dadi mwezi wa sita anahesabu noti huku akitazama pembeni. Mwezi wa kumi Somoe anapepeta huku Dadi akizungumza, na vumbi linamwelekea yeye.

Chagua mahali panapobadilisha swali la nani anaweza kuondoka. Kivuko cha Msangamkuu ni studio ya bure kwa kazi hiyo: kikishang'oa, mdai na mdaiwa wamefungiwa pamoja mpaka ng'ambo, tajiri na mchuuzi wamebanana upande mmoja. Omba ruhusa kwa wanaokisimamia kabla ya kupiga picha.

Na usimsahau mtani. Mwandishi wa Kusini asiyemtumia anaacha silaha nyumbani. Msibani, mtani ana ruhusa ya kumtania mkubwa yeyote, na mkubwa akikasirika yeye ndiye anayeaibika. Maneno ambayo Somoe hawezi kumwambia mjomba wake, mtani atayasema kwa kicheko: atamvua kofia Mfaume, aivae, atangaze mbele ya watu kwamba huyu ndiye mrithi wa mikorosho, hata mche hajawahi kuushika. Watu watacheka. Mfaume atacheka. Kamera ibaki kwake kicheko kikiisha.

Hatua ya 8: Jaribu kuing'oa bahati

Hii ni fupi. Futa mvua. Je, Mjomba Mfaume, Dadi na Bi Zuhura wangekuwa bado na jambo na Somoe? Jibu likiwa hapana, wahusika wako wameungwa na tukio tu, na tukio likipita watabaki wageni. Rudi hatua ya 3. Jibu likiwa ndiyo, lakini lingechukua miaka kujitokeza, umefika: bahati imeharakisha tu kilichokuwepo.

Hatua ya 9: Mwisho uwe malipo, na anayelipa achague

Weka mbele ya Somoe madeni mawili yasiyolipika kwa pamoja. Akimpa Dadi magunia, anamaliza aibu lakini anauza nje ya ghala la chama, kinyume na alichotetea mkutanoni. Akiyapeleka yote ghalani, Dadi atamsema, na Issa, ambaye siku ya mizani aliona Somoe akichanganya debe moja la korosho zilizolowa za Bi Zuhura kwenye gunia lake, ataulizwa. Ndiyo, hiyo ndiyo siri ya karani. Somoe alishaanza kulipa fadhila kabla hatujajua, na kwa kulipa akahatarisha daraja lake. Hapo Issa, mtu mdogo kuliko wote mwenye kalamu ya mkopo, ndiye mwenye nguvu. Anaweza kuondoka, anajua wasichojua, na wote wanamsubiri. Anampenda Somoe au anaipenda kazi yake? Ukifika hapa hutahitaji tajiri wa Dar es Salaam.

Usifunge kila deni. Moja libaki wazi, na likiwezekana liwe la yule asiyedai.

Hatua ya 10: Ipeleke kwa wenye kazi kabla hujapiga picha

Isomeni kwa sauti kikundi kizima, kisha mtafute mtu mmoja anayeijua kazi mliyoiandika, akae asikilize. Muulize maswali ya utendaji, si kama hadithi ni nzuri. Karani wa chama cha msingi atakwambia, kwa mfano, kwamba mkulima hapewi fedha pale kwenye mizani: anapewa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, na malipo yanapitia benki. Kwa hiyo ile pazia uliyoipenda, Somoe anahesabu noti mbele ya mzani huku kijiji kikimtazama, itabidi itoke. Ihamishie kwenye foleni ya benki mjini, asubuhi, na Dadi awe ameshatangulia, nafasi mbili mbele yake.